Kazi za Bedford ziwe sharti, si ahadi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu bustani ya burudani ya kampuni ya Universal huko Bedford, Uingereza, nimeisoma kwa furaha, ila mmeandika kana kwamba kibali cha kuijenga ni habari ya watalii. Kwetu tunaoishi Luton, mji jirani, ni habari ya kazi.

Kibali hakikutoka kwa halmashauri ya Bedford. Serikali kuu ndiyo iliyokitoa, Desemba 2025, kwa amri maalumu ya uendelezaji. Sina ugomvi na njia hiyo. Mradi wa bustani nyingine ya burudani, London Resort kule Swanscombe, Kent, ulitangazwa 2012, ukasuasua mpaka eneo likawekwa chini ya hifadhi, sababu mojawapo ikiwa buibui adimu anayerukaruka (msicheke, ni kweli), na 2022 wenyewe wakaliondoa ombi lao. Heri uamuzi wa haraka. Lakini serikali iliyotoa ruhusa ndiyo iliyoupigia mradi debe tangu Aprili 2025, na ndiyo inayochangia barabara na reli za kuufikia. Kampuni ikilegea, nani ataibana?

Ahadi zenyewe ni nono: wageni milioni 8.5 katika mwaka wa kwanza, lango likifunguliwa 2031 kama ilivyopangwa. Ajira 20,000 wakati wa ujenzi, na 8,000 bustani ikianza kazi. Kampuni ilisema asilimia 80 ya wafanyakazi hao watatoka Bedford, Central Bedfordshire, Luton na Milton Keynes. Hapo ndipo ninapotaka pakazwe. Takwimu zitolewe kila mwaka, mji kwa mji, tena zioneshe wangapi wana saa za kazi zilizohakikishwa. Wengi wetu huku tumefanya kazi za maghala na hoteli kwa mikataba ambayo wiki hii unapewa zamu nne, wiki ijayo unakaa nyumbani ukitazama simu. Ajira ya namna hiyo nayo huhesabiwa kwenye hotuba.

Halafu kuna usafiri. Stesheni mpya ya Wixams, karibu na bustani, itakuwa kwenye njia ileile ya treni inayopita Luton kwenda Bedford, na mazungumzo yote ni ya kuwafikisha wageni. Bustani ikishafungwa usiku, kuna watu watabaki wakifagia, wakiosha majiko, wakikagua mitambo. Mama anayetoka zamu saa saba za usiku atarudi Luton kwa usafiri gani? Teksi itammalizia ujira wa saa kadhaa. Ratiba ya treni na mabasi ya usiku ipangwe sasa, kabla stesheni haijakamilika.

Ardhi yenyewe ina historia ya jambo hili. Kempston Hardwick, mahali bustani itakapojengwa, palikuwa na kiwanda cha matofali, na miaka ya 1950 viwanda vya eneo lile viliwaleta Waitalia wa kusini kwa mikataba kufanya kazi ambazo wenyeji walizikimbia. Wajukuu wao wangali Bedford. Safari hii wanaohitaji kazi wako jirani tayari, wakiwemo vijana wetu wanaomaliza shule Luton.

Naomba gazeti lenu liifuatilie kampuni na wizara kwa maswali haya mawili, la saa za kazi na la treni za usiku, na mchapishe majibu yao kama yalivyo.

Msomaji wenu,
Luton, Uingereza