Asante mzee wa matatu ya Luanda

Natafuta mzee mmoja, jina sikuuliza, tulikaa naye kiti cha nyuma kwa matatu ya kutoka Kisumu kwenda Luanda, alikuwa na kofia ya kijivu na mfuko wa omena. Mzee, kama mtoto wako anakusomea hii, asante sana.

Siku hiyo mtoto wangu alikuwa na wiki 5, zile wiki 2 za likizo ya baba sheria inatupa zilikuwa zimeisha kitambo, nilikuwa silali, sili, nikimshika mtoto sisikii kitu, na kila mtu akija nyumbani anauliza mama anaendeleaje, ni haki yake kuulizwa, lakini mimi nilikuwa nazama pole pole. Tukipita Kisian machozi yakaanza tu. Nikageukia dirisha juu tumefunzwa mwanaume halii.

Hukuniambia jikaze. Uliuliza "ni wa kwanza?" ukanieleza vile uliogopa kubeba wako miezi mingi na hukuwahi ambia mtu. Ukashuka na mimi Maseno na haikuwa stage yako, ukangoja nipigie bibi yangu simu nimwambie ukweli wote.

Kliniki nilienda. Nesi akasema kama baba 1 kati ya 10 hupata hiyo dipresheni mtoto akizaliwa, na mimi nilidhani niko peke yangu!

Sasa ako miezi 7, nikiingia mlangoni anarusha mikono. Ningependa sana umuone.