Picha za Kwanza Unazoweza Kuziona, Mama

Birkat al-Mawz, Oman
14 Oktoba 2020

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Baada ya salamu, sisi huku wazima, Alhamdulillahi, wasiwasi wetu ni juu yenu. Mama Mkubwa anakusalimu sana. Anasema simu yenu ya juzi ilikatika pale pale utamu ulipoanza, kwa hiyo anakudai kisa kilichobaki.

Bahasha hii naipitisha kwa mkono wa mtu. Ndege zilizozuiliwa kwa ajili ya korona zimefunguliwa tangu tarehe 1 mwezi huu, na jirani yetu mmoja anakuja Unguja kumuuguza mamake. Ndani utakuta picha, nyuma nimeziandika namba. Zishike pembeni, usizitie vidole katikati, na kabla hujamwita mtu zitazame kwanza peke yako.

Siku zote unaniuliza, "Mwanangu, hiyo kazi yako mbona mimi sijaiona?" Ningekuonyesha vipi, Mama? Tangu nifike Maskati napiga picha za harusi upande wa wanawake. Mlangoni simu zinakusanywa, ndani watu wamevua mabaibui, nywele wazi, dhahabu mpaka kiunoni, na shughuli ikimalizika kadi ya kamera anakabidhiwa bibi harusi mwenyewe. Kazi zangu nzuri kabisa zimo kwenye makabati ya watu, zimefungiwa kwa ufunguo, na ndivyo inavyotakiwa. Mlima hauna baibui. Ndiyo maana leo na wewe umepata cha kutazama.

Harusi mwaka huu hakuna. Mwezi wa tatu kumbi zilifungwa, studio niliyokuwa nikifanyia kazi nayo ikafunga, na mshahara wa mwezi wa nne mpaka leo nausikia tu. Tarehe 10 Aprili Maskati yote ikawekewa vizuizi, askari barabarani, huingii hutoki, mpaka mwisho wa Mei. Ramadhani nzima nimefuturu mbele ya dirisha linalotazama kiyoyozi cha jirani. Tarawehe tukizisali vyumbani. Nikikupigia simu nasikia daladala na watu wakibishana bei nyuma yako, nashikwa na hofu na wivu kwa pamoja, sijui lipi kubwa.

Mama Mkubwa akasema njoo kwetu. Kusema rahisi. Mwezi wa sita mlima wenyewe, Jabal Akhdar, ulifungwa, Iddi ya kuchinja mikoa ikafungwa yote, nilipofika ilikuwa Agosti.

Hapa Birkat al-Mawz ni mji wa mitende chini ya mlima. Pana kizuizi cha polisi, na gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne hairuhusiwi kupanda. Njia inajikunja mpaka masikio yanaziba. Ukifika uwanda wa Sayq uko kama mita 2,000 juu ya bahari, na jioni unatafuta shali wakati Maskati watu wanachemka. Ami ana shamba juu huko, kijiji cha Al Aqr. Kiko ukingoni mwa genge pamoja na Al Ayn na Ash Shurayjah, nyumba zimekaa kama zinachungulia, na chini yake mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi: ukuta wa mawe, kipande cha udongo si kikubwa kuliko ukumbi wetu, ukuta tena, hivyo hivyo mpaka bondeni. Makomamanga, mawaridi, vitunguu thaumu. Udongo ule haukuwepo pale wenyewe, Mama. Watu wameukalisha.

Mchana usijisumbue kutoa kamera. Jua likiwa utosini jabali lote rangi moja, kama mkate uliosahauliwa mezani. Subiri saa kumi na nusu. Kivuli kinaanza kupanda kutoka chini, konde moja baada ya jingine. Lililokwisha kufunikwa limekuwa la samawati, linalofuata bado linawaka, na mpaka baina yake unauona kwa macho ukisogea. Ukumbini mimi ndiye mwenye taa, namwambia bibi harusi inua kidevu, geuka kidogo, na anageuka. Huku nimekaa juu ya jiwe na kidole juu ya kitufe, nangoja, na sikuchoka.

Picha namba tatu ndiyo hiyo. Kile kidoa cheupe ni Ami, kanzu kaipandisha magotini, anazibua mfereji. Maji ya falaji, ile mifereji ya kale ya kumwagilia mashamba, yanagawiwa kwa zamu. Yake ikifika anaondoa jiwe na tambara, maji yanaingia kondeni kwake. Ikimalizika anaziba, yanakwenda kwa jirani. Wazee walikuwa wakipima zamu kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Falaji ya hapa mjini, Falaj al-Khatmayn, ni miongoni mwa tano za Oman zilizotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, orodha ile ile yenye Mji Mkongwe wetu. Ami hilo halimshughulishi. Linalomshughulisha ni jirani anayechelewa kuziba.

Kuna pahala panaitwa kwa jina la Diana, yule yule wa Uingereza uliyekuwa na picha yake kwenye kalenda. Alifika hapo mwaka 1986 na mumewe, siku hizi pana hoteli. Kila mpiga picha anayepanda Jabal lazima asimame pale alipige bonde zima. Nami nimelipiga, ni namba moja. Wageni wako wataipenda kuliko zote. Mimi siipendi hata kidogo, inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Usidhani lakini kwamba niko kwenye starehe. Mwezi wa saba, kabla sijafika, mzee mmoja mwenye konde jirani na la Ami alifariki kwa maradhi haya. Kazikwa na watu wachache, matanga hakuna, mkono wa pole kwa simu. Namba tano ni kondeni kwake. Makomamanga yamepasuka mtini, punje nyekundu zinaonekana, ndege ameingiza kichwa. Nilitaka kuitoa. Mjane wake alipoiona akaomba nakala mbili.

Ile ndogo ya mwisho nililala kifudifudi kuipiga. Ni makombe ndani ya jiwe, juu kabisa huko, kwa sababu jabali hili mamilioni ya miaka nyuma lilikuwa chini ya bahari. Wewe umeinama pwani ya Jambiani umri wako wote, maumbo yale utayajua kabla hujavaa miwani.

Usiku sasa hatutoki. Tangu Jumapili amri imerudi, saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nyota nazipigia uani, na kamba ya nguo ya Mama Mkubwa imeingia ndani ya picha. Nimeiacha.

Chupa iliyofungwa kwa gazeti ni marashi mawaridi, ya dadake Ami, ya mavuno ya Aprili. Mavuno nimeyakosa, lakini jiko nimeliona: tanuri la udongo lenye mashimo juu, kila shimo na chungu chake, ndani ya chungu bakuli la shaba, na juu sufuria ya maji baridi ili mvuke ukigusa udondoke bakulini. Yana harufu ya moshi kidogo, usidhani yameharibika, ndivyo yalivyo. Yatie kwenye mrashi Mfungo Sita huu, maulidi ya nyumbani. Msikitini usiende nayo, wataimaliza siku moja.

Namba moja mpe shangazi, ana ukuta mtupu. Namba tano isitoke ndani. Na mwambie kaka asiziweke Facebook mpaka nimwambie, nataka kujaribu kuziuza.

Jirani atarudi mwisho wa mwezi ujao. Mimi nitumie achari ya embe. Mama Mkubwa anataka pweza mkavu, na kanisimamia hapa niandike vizuri: pweza, si ngisi, mara ya mwisho ulimpa ngisi.

Mwanao akupendaye