Mjomba, naomba sauti yako

Shikamoo mjomba,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama bado nahangaika na katuni. Salio likaisha kabla sijajibu. Nimeamua kujibu hapa hadharani, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na wewe umo ndani yake. Wajukuu watakusomea.

Mtoto wa katuni yetu anaitwa Shija. Wewe Msukuma huhitaji kuelezwa: ni yule anayezaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa ana Doto, Doto ana Kulwa. Shija anabaki peke yake, basi anacheza na mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, nyuma ya nyumba yao. Kwake yeye mawe yale ni viboko waliolala, na Jiwe la Bismarck ni mzee aliyesimama majini kusubiri kivuko cha Kamanga.

Uliniuliza pia kama katuni hazitoki Ulaya. Zile za Ubongo Kids ambazo wajukuu wako wanaimba nyimbo zake zinatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014. Sisi tunajaribu kutokea huku ziwani.

Kazi ni nzito. Sekunde moja ina picha 24, na hata tukiirudia kila picha mara mbili bado inahitaji michoro 12. Dakika moja ni michoro 720. Kompyuta inasaidia, tunachora mkono mara moja kisha tunauzungusha, lakini mdomo hauna njia ya mkato. Sauti hurekodiwa kwanza, mdomo unachorwa kuifuata. Midomo ya mfano tuliyoikuta kwenye programu ilitengenezwa kwa Kiingereza, na Shija akawa anaongea kama anatafuna. Kiswahili kina irabu tano na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, mdomo unafunguka na kufunguka tena. Tukachora ya kwetu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka usiku ule Igombe? Nilikuwa na miaka sita. Hapakuwa na mwezi, na karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga mbali kabisa majini. Nikakwambia kule kuna mji. Mtu mwingine angenisahihisha palepale. Wewe uliniuliza: "Wanauza nini sokoni kwao?" Nililala nikiwaza. Asubuhi nikakujibu kwamba hawauzi, wananunua giza, maana kwao limekwisha. Ukaniuliza, debe shilingi ngapi?

Sehemu ya kwanza ya katuni ni usiku huo. Na hapo ndipo tulipogombana. Wenzangu wawili walitaka mwishoni baba yake Shija amweleze kwamba ule si mji, ni taa, zinavuta wadudu na dagaa wanafuata. Ni kweli yote, na nataka watoto wayajue. Lakini nilikataa Shija akatwe kauli, na nilikataa kwa hasira kuliko nilivyotarajia. Tukabishana siku mbili. Mwishowe tukaiweka kweli hiyo ndani ya mchezo wake: mbalamwezi inatoka, mwanga unatapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, mitumbwi inabaki ufukweni watu wakishona nyavu. Shija anatazama ziwa halina taa hata moja, anasema mji umehamia mwezini. Kisha anamwendea mvuvi mzee anayeshona wavu na kumuuliza watarudi lini.

Mvuvi huyo ni wewe. Tumejaribu watu watatu, wote wanasoma kama taarifa ya habari. Nataka sauti yako ilivyo, na lile guno lako kabla ya swali. Hutasoma karatasi yoyote. Mtoto anayeigiza Shija ana miaka saba; atakuuliza, nawe utamjibu kama ulivyokuwa ukinijibu mimi.

Tunarekodi Kirumba, chumba tulichokizungushia magodoro ukutani. Itabidi tuanze alfajiri, kabla bodaboda na spika za wauza mitumba hazijaamka. Nauli nitaituma kesho.

Na ile karabai yako ya zamani, kama bado ipo, njoo nayo. Wachoraji wetu ni vijana, wamezoea taa za sola, na kioo chake wanakichora kwa kubahatisha.