Neno "kuzoea" linatupotosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja linalowapotosha wengi kuhusu mageuko ya viumbe, nalo ni "kuzoea". Nimefundisha Biolojia kwa miaka mingi, na kila mwaka nalikuta katika majibu ya wanafunzi: mbu wamezoea dawa, bakteria wamezoea antibiotiki, kana kwamba kila kiumbe hujizatiti mwenyewe hadi sumu isimdhuru tena.

Mbu aliyepuliziwa dawa ama hufa ama hupona, na anayepona mara nyingi alizaliwa na tofauti ndogo katika jeni zake, kwa mfano ile inayobadilisha sehemu ya neva ambako DDT, dawa ya kuua wadudu, hujishikiza. Wenzake wakishakufa, yeye ndiye anayebaki kutaga mayai, na wanawe huurithi ukinzani huo, yaani uwezo wa kutodhuriwa na dawa, hata baada ya vizazi kadhaa uzao wake ukawa ndio mwingi.

Ushahidi ulionikaa moyoni ni wa mwaka 1952, wa wanasayansi Joshua na Esther Lederberg nchini Marekani. Walichukua sahani iliyojaa bakteria ambao hawajawahi kukutana na antibiotiki iitwayo streptomaisini, wakaigandamiza kwenye kitambaa cha mahameli, kisha wakabandika juu ya kitambaa hicho sahani nyingine zenye dawa, kama mtu apigavyo muhuri. Waliosalimika walijitokeza mahali palepale katika sahani hizo. Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, wakachota bakteria wa mahali hapo, wakarudia kazi hiyo mara kadhaa, na hatimaye wakapata bakteria kinzani ambao wao wenyewe wala waliowazaa hawakuwahi kuguswa na dawa. Ukinzani ulikuwepo kabla. Dawa iliuchagua tu.

Dai kwamba binadamu ametokana na sokwe wa leo nalo ni kosa, kwa kuwa sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja waliokwisha kutoweka, lakini kosa hilo halimdhuru mgonjwa. Hili la "kuzoea" linamdhuru. Mtu husema mwili wake umezoea antibiotiki, ilhali wenye ukinzani ni bakteria waliomo mwilini, ambao huweza kumwambukiza hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja dawa hiyo.

Mwalimu wa Biolojia