Sukari adimu si dawa jamani

Mhariri naomba nafasi kidogo. Juzi Kariakoo nimekuta duka linauza pakiti za alulosi, bei yake we acha tu, na muuzaji anawaambia watu eti inaponya kisukari. Si dawa hiyo! Ni sukari, ipo kiduchu kwenye tini na zabibu kavu ndo maana inaitwa adimu, utamu wake kama asilimia 70 ya sukari yetu ila kalori 0.4 tu kwa gramu badala ya 4, maana mwili unaifyonza halafu nyingi inatoka na mkojo. Profesa Ken Izumori wa Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, ndo alipata bakteria wa udongoni wenye kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) cha kugeuza fruktozi, yaani sukari ya matunda, kuwa alulosi, miaka ya 90 mwanzoni. Udongo tu! Sisi miwa ya kutoa hiyo fruktozi tunayo Kilombero na Mtibwa, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kiko palepale Morogoro, tunangoja nini? Sawa, kimeng'enya kinageuza kama theluthi tu ya fruktozi kisha kinagota, kuitenganisha alulosi na fruktozi iliyobaki ndo kunakula hela, ila wataalamu si tunao? Na wanaokagua vyakula wapite Kariakoo wasome hizo lebo.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam