Barua kwa Baba Neema Kuhusu Karo ya Marekani

South B, Nairobi

Mpendwa Baba Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ila barua yako imeninyima usingizi, kwa kuwa umeniomba nikudhamini kwenye sacco, nawe uuze ploti yako ya Rongai, ili Neema aende Marekani kusomea kompyuta, na udhamini wa namna hiyo nilikwisha kuutoa kwa mpwa wangu.

Unakumbuka dada yangu aliuza ploti ya Kitengela, akaongeza mkopo, nami nikatia sahihi. Gharama za mwaka mmoja, yaani karo, chumba na chakula, zilifika dola 40,000, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 ni zaidi ya milioni tano. Mwanafunzi wa kigeni hapati mikopo ya masomo ya serikali kuu ya Marekani, na muhula ukiendelea huruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, kwa hiyo mzigo karibu wote uliangukia nyumbani. Kijana alisoma kwa bidii hadi shahada ya uzamili. Simlaumu kwa lolote.

Taabu ilianza baada ya mahafali. Alihitimu Desemba 2022, mwezi mmoja tu baada ya Meta, kampuni yenye Facebook, kutangaza kwamba inapunguza wafanyakazi 11,000. Mhitimu wa kigeni hupewa kibali cha kufanya kazi kwa miezi 12, na aliyesomea sayansi au teknolojia anaweza kuongezewa 24. Lakini katika ile 12 ya kwanza, akikaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, amepoteza haki ya kubaki. Mpwa wangu alinionyesha kalenda yake. Kila siku aliyolala bila kazi ameipiga msalaba kwa kalamu nyekundu, na misalaba hiyo imefika 71.

Kampuni ndogo iliyomwajiri ilimwombea viza ya H-1B, ile ya wageni wenye ujuzi maalumu wanaoajiriwa huko. Viza hizo mpya zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka, na 20,000 kati yake ni za wenye shahada za juu za vyuo vya huko. Maombi ya 2024 yalizidi 400,000, ikabidi majina yachaguliwe kwa bahati nasibu. Jina lake halikutoka mwaka huo wala 2025. Kibali kilipokwisha akarudi, na kwa kuwa Septemba 2025 serikali ya huko ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa mwajiri anayemwombea viza hiyo mtu aliye nje ya nchi, sioni kampuni ndogo itakayomwita tena.

Wala siwachukii vijana wa Marekani wanaonung'unika juu ya wageni. Wao pia wamesoma kwa madeni, ambayo kwa taifa zima yanapita dola trilioni 1.6, kisha wanaona kwamba mwajiri anayemchukua mgeni mwenye kibali cha mwanafunzi kwa kawaida halipi kodi ya hifadhi ya jamii kwa ajili yake. Mtoto wa watu akiwa mahali hapo, atalalamika.

Sasa mpwa wangu anaandika programu hapa Westlands, meza moja na kijana aliyesoma chuo kikuu papa hapa Kenya, kule Juja, kwa mshahara ule ule, isipokuwa karibu nusu ya wake huenda kwenye sacco kabla hajalipa nyumba. Hilo ndilo linaloniuma. Neema ana kichwa chepesi. Asome shahada ya kwanza hapa, na baadaye aombe chuo kitakachompa kazi ya kusaidia utafiti au kufundisha, ambayo mara nyingi hufuta karo na kumpa posho. Kwa mpango huo nitamdhamini leo hii. Kwa ploti yako ya Rongai kuuzwa, moyo wangu unakataa.

Fomu ya sacco iko mezani pangu. Nimejaza jina na namba ya kitambulisho, lakini nafasi ya sahihi nimeiacha wazi. Njooni Jumamosi, wewe na Neema. Mpwa wangu atakuwepo, naye amekubali kumwonyesha ile kalenda.

Rafiki yako wa siku zote.