Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wenye Maduka ya Dawa

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, ndugu wanachama wenzangu mliofika,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tumshukuru Mungu kwa kutufikisha hapa, na tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Kamati Tendaji ilikaa vikao vinne kama katiba inavyotaka. Mafunzo ya watoa dawa yalifanyika Juni, ununuzi wa pamoja umeendelea, na katika wiki ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yaani UVIDA, mwezi Novemba, tulitoa elimu sokoni na stendi. Siku ile ya sokoni gari lilikuwa langu, mafuta yangu, na vipaza sauti nilivikodi kwa fedha yangu. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu yapo maneno kwamba fedha ya chama ilitumika.

Azimio la Machi

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo. Mwezi Machi Kamati iliazimia kwamba mwanachama atakayeuza antibayotiki bila cheti cha daktari, au atakayekata dozi na kumpa mteja vidonge vya kulingana na fedha yake, asimamishwe kwenye ununuzi wa pamoja kwa miezi mitatu. Mpaka leo wamesimamishwa watano, na wawili kati yao wamejitoa chamani. Nimepokea barua yenye saini 17 ikitaka azimio lifutwe, na huko nje nimeitwa askari wa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nitajibu kwa utulivu, ila nitajibu yote.

Mmesema Kamati imetunga sheria mpya. Si kweli. Tangu mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanza Ruvuma mwaka 2003, ruhusa yetu ya kuuza antibayotiki chache ilikuja na sharti la cheti. Hakuna aliyepata kibali bila kufundishwa hivyo. Kamati imeongeza adhabu ya ndani tu, tena ndogo.

Hoja nzito ni ile iliyotolewa kikaoni na mwanachama ninayemheshimu sana: usugu ni wa hospitali. Alisema vimelea sugu viko wodini, viko kwenye mipira ya mkojo na vidonda vya upasuaji, duka la kijijini linaingiaje? Mwaka huu nimeisoma habari hii kuliko nilivyowahi kusoma kitu kingine tangu nimalize chuo, na nimekaa na watu wa maabara wakanieleza. Naomba mnisikilize hapa.

Ni kweli hospitali ndiko usugu unakokolea. Wagonjwa dhaifu wamelala kitanda kwa kitanda, sindano za antibayotiki ya seftriaksoni zinachomwa asubuhi na jioni, sinki ni moja na mikono ni mingi. Bakteria aitwaye Klebsiela anapita kwenye mkono usionawa mpaka kwa kichanga. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watoto waliolazwa na kupimwa damu. Waliokutwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi, ambamo Klebsiela yumo, kwenye damu, zaidi ya 43 katika kila 100 walifariki. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha vifo vya wenye malaria katika utafiti huohuo, na usugu wa dawa ulikuwa moja ya mambo yaliyoongeza hatari ya kufa.

Lakini mgonjwa haishi wodini. Anaruhusiwa, kidonda kimefunga, ila tumboni amebeba vimelea sugu vinavyoweza kukaa humo miezi kadhaa bila kumuuma popote. Anarudi kwenye nyumba ya kupanga yenye choo kimoja kwa familia nne. Anapika, anamlisha mtoto kwa mkono. Mama aliyekuwa akimuuguza naye alilala chini kwenye mkeka kando ya kitanda, akafua vitambaa vya mgonjwa, na mwisho wa juma akaenda nyumbani kuwaona wengine. Maji machafu nayo, yasipotibiwa vizuri, yanaishia mitaroni na kwenye bustani za mchicha.

Njia hiyohiyo ina watu wanaorudi. Mjamzito anaingia wodi ya wazazi akiwa na vimelea sugu alivyovipata mtaani, anajifungua, na mtoto anavipokea siku ya kwanza ya maisha yake. Upo utafiti wa Dar es Salaam uliopima kinyesi cha watoto wa chini ya miaka miwili. Takriban nusu ya waliokuwa wamelazwa walikuwa na bakteria wenye kimeng'enya cha ESBL, kile kinachozivunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Kwa watoto wa majumbani ambao hawakuwa wamelazwa, ilikuwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila kumi. Mwanachama aliyeuliza duka linaingiaje, amwangalie huyo mmoja, maana yuko mtaani kwetu na kesho anaweza kulazwa.

Jambo lililonikosesha usingizi nilipoelezwa na watu wa maabara ni plasmidi. Hicho ni kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anampa mwenzake, hata wa aina nyingine, na mara nyingi kinabeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo septrini unayomuuzia mtu wa mafua, ugonjwa wa virusi usiosikia septrini, inaua bakteria wapole tumboni mwake na kuwaachia nafasi wale sugu. Wakizaliana wanazaliana na usugu wote waliobeba, pamoja na usugu wa dawa ambazo wewe dukani hata huruhusiwi kuziweka. Hapo ndipo duka linapoingia.

Na mnajua inavyokuwa. Mteja anaweka shilingi elfu moja kaunta, anaomba rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki. Mtoa dawa hamuulizi umri wala anaumwa nini. Anavuta droo, anachukua mkasi, anakata vidonge sita kwenye ubao, na mkato unapita palepale penye tarehe ya kuisha muda. Vidonge vinaingia kwenye kikaratasi bila jina la dawa. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye duka la mwanachama, saa nne asubuhi, na nilipomuuliza yule binti kwa nini, alinijibu kwamba bosi amesema mteja asiondoke mikono mitupu. Mgonjwa hapati nafuu, wiki ijayo anakuja kutaka ya nguvu zaidi, na akifika hospitali dawa za chaguo la kwanza na la pili zimeshachezewa.

Mmesema pia tunapoteza biashara kwa jirani ambaye si mwanachama. Sikatai, mauzo yameshuka kwa baadhi yetu, na kwangu pia. Ila wapo waliosema kwamba mimi naweza kumudu kwa kuwa famasi yangu iko karibu na hospitali na vyeti vinanifuata. Ndugu zangu, duka langu la kwanza lilikuwa kijijini, na kwa muda mrefu nilikuwa naandika majina ya wateja niliowarudisha zahanati. Wengi walirudi na cheti kwangu mimi, kwa sababu waliniamini.

Kuhusu wanaouza pia dawa za mifugo, azimio haliwagusi kwa maandishi, lakini anayemuuzia mfugaji wa kuku wa mayai antibayotiki ya oksitetrasaiklini ya kuchanganya kwenye maji kila wiki hata kuku wakiwa wazima, ajue yumo kwenye habari hiihii.

Mzigo wenyewe ni mkubwa. Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa usugu wa bakteria, na katika vifo milioni 4.95 usugu ulihusika. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Nchi yetu ina mpango kazi wa taifa wa 2023 hadi 2028. Siwezi kusimama mbele yenu kama mwenyekiti nikaomba azimio lifutwe. Mkitaka kulifuta mna haki ya kupiga kura, na mimi kura yangu mnaijua.

Mahudhurio na ada

Hapa nasema kwa masikitiko. Tuko wanachama 58. Mkutano wa Juni ulihudhuriwa na 19, wa Septemba na 16, na saini kwenye barua ya malalamiko zilikuwa 17. Katika wale 17, waliofika kikao cha Machi ambapo azimio lilijadiliwa kwa saa tatu ni wanne tu. Taarifa ya kikao ilitumwa wiki mbili kabla, na wengine niliwapigia simu mwenyewe.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 21, waliotoa nusu ni 14, na 23 hawajatoa chochote. Mapato pamoja na viingilio vya wapya watatu ni shilingi 1,740,000, matumizi 1,615,000, salio 125,000. Mhazini ana stakabadhi zote. Kwa salio hilo hatuwezi hata kuchapisha vipeperushi vya UVIDA, na vile vya Novemba vilitoka mfukoni mwa watu wawili ambao sitawataja.

Mwaka ujao

Tunatarajia kuzungumza na uongozi wa hospitali ili mgonjwa anayeruhusiwa aje dukani na karatasi inayosomeka, ikionyesha dawa alizotumia wodini. Tunatarajia pia kuwarudia watoa dawa kwa mafunzo ya unawaji mikono na ya kumkatalia mteja kwa lugha nzuri, fedha ikipatikana. Na tutaendelea kuwaomba Baraza la Famasi wawatazame wasio wanachama kwa jicho lilelile wanalotutazama sisi.

Waliosimamishwa ambao miezi yao mitatu imekwisha wanarejeshwa kuanzia leo, mradi wamelipa ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti